Kwenda China peke yako na kuzoeana na wanafunzi: yaliyonikuta Beijing

Mkuu, umeuliza kama mtu aliyezoea kufuata mzigo Guangzhou anaweza kuachana na wenzake, akapanda treni peke yake mpaka Beijing, na kama wanafunzi wa kule wanazoeleka au wana lao jambo. Nilifanya hivyo Mei 2024. Majibu ni ndiyo, wanazoeleka, ila kwanza nilipigwa hela.

Miaka sita nimekwenda Guangzhou. Mitaa yake ya biashara, Xiaobei na Sanyuanli, naijua mpaka vichochoro, lakini Wachina wote niliowafahamu walikuwa na kikokotoo mkononi: anabonyeza bei yake, unafuta unabonyeza yako, mnacheka, mmemalizana. Safari ile mzigo ulichelewa kufungwa, nikabaki na siku tisa kwenye viza. Nikakata tiketi.

Treni isikutishe. Kutoka Guangzhou Kusini hadi Beijing Magharibi ni zaidi ya kilomita 2,200, na ile ya mwendokasi inakufikisha kwa kama saa nane. Tiketi inafungwa kwenye pasipoti yako, kwa hiyo pale getini nenda kwenye njia yenye mhudumu, usihangaike na mashine za wenyeji. Pakia Alipay na WeChat, programu za simu za kulipia, ukiwa bado Dar, unganisha kadi yako ya benki, na fungua huduma ya nje ya nchi kwenye laini yako ya Bongo, maana kwa laini ya kwao WhatsApp haifunguki.

Sasa kupigwa. Siku ya kwanza natembea Wangfujing, mtaa wa maduka karibu na uwanja wa Tiananmen. Wadada wawili wakanifuata, Kiingereza kizuri, wanasema ni wanafunzi wa mkoani wanataka kufanya mazoezi ya lugha. Nikafurahi, si ndicho nilichokuja kutafuta! Dakika kumi baadaye tumekaa kwenye chumba kidogo cha chai, vikombe vya kama kizibo cha soda, chai ya aina tano. Bili ikaja yuan 1,800. Piga hesabu mwenyewe kwa shilingi uone. Nilipotoa simu na kuanza kubonyeza 110, namba ya polisi, bei ikashuka mpaka 400. Nikalipa nikaondoka na hasira zangu. Baadaye nikaambiwa mchezo huo ni wa miaka mingi, Beijing na Shanghai, na wakati mwingine badala ya chai wanakupeleka kwenye maonyesho ya picha. Mwanafunzi wa kweli ana vipindi, hana muda wa kuwinda wageni Wangfujing. Mfuate yeye chuoni.

Chuo chenyewe nilielekezwa na kijana wa Kitanzania anayesoma kule. Aliniuliza swali moja tu: "Kaka, kwa nini unahangaika na Kiingereza wakati hapa Kiswahili kinafundishwa?" Kweli, Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing, wilaya ya Haidian, wana idara ya Kiswahili ya tangu miaka ya sitini. Hata redio yao ya kimataifa ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, wazee wetu walikuwa wanaisikiliza. Getini huingii hivi hivi, mwanafunzi alinisajili siku moja kabla kwa namba ya pasipoti.

Nikakutana nao wanne kantini. Wote wakasema "Shikamoo!" kwa pamoja, watu na sinia zao wakageuka. Nina miaka 38, sijazoea, nikaitikia marahaba kwa aibu. Kila mmoja ana jina la Kiswahili alilopewa na mwalimu. Na Kiswahili chao kimenyooka kuliko changu: nilisema "hii nyimbo", binti mmoja akauliza taratibu, "Si wimbo huu, kaka?" Mimi wa Kariakoo!

Kilichowasumbua ni neno "pole". Kwa nini tunampa pole mtu aliyetoka kazini wakati hakuna aliyekufa? Nikaeleza nikaelezea, mpaka mmoja akapiga meza: "Xinku le!" Kumbe na wao wanalo, unamwambia mtu aliyechoka kwa kazi au safari. Wanalo pia la kumuaga mgeni, "man zou", yaani nenda polepole. Na salamu ya wazee wao ni "umekula?" Miaka sita nimezunguka na hawa watu kwa Kiingereza cha kuungaunga.

Nilikuwa na kanga begini, imeandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio". Waliibishania nusu saa. Mmoja alishikilia kwamba ni ya mabaharia, wa pili akasema ni mapenzi, mimi nikasema ni vyote, wakaniona nakwepa swali. Wakanilipia chakula kwa kadi yao, maana kantini haipokei fedha za mgeni. Yuan 14, wali na mayai kwa nyanya. Nikataka kurudisha, wakagoma kabisa.

Usitegemee kukesha nao. Mabweni yanafungwa usiku, kama saa tano, na chumba kimoja wanalala wanne hadi sita. Mmoja aliniambia Kiswahili hakukichagua, alama za mtihani wa taifa ndizo zilimpeleka, akakipenda baadaye. Siasa usiwaingize, watanyamaza tu. Na mtu akikukaribisha ulale kwao, hakikisha mnaripoti polisi ndani ya saa 24. Ukilala hotelini wao wanakufanyia.

Wewe umesema unakwenda mwishoni mwa Januari. Sogeza mbele mkuu, wakati huo wanakuwa wamerudi makwao kwa likizo ya Mwaka Mpya wao, utakuta mlinzi wa geti peke yake. Aprili au Mei ndiyo nzuri, na kanga chukua mbili.