Barua kwa mwanangu: ile amani ya vidole viwili

Mwanangu, habari ya huko Rongai, nje ya Nairobi, mahali mnapaita Diaspora kwa utani wa umbali. Meseji yako ya juzi usiku niliisoma nikaweka simu chini, nikairudia asubuhi baba yako akiwa bado amelala. Umesema mtoto amekuuliza mbele ya mamake, baba mbona kanisani unacheka na kila mtu na ukifika nyumbani unafoka, na sasa unaniuliza mama nyinyi mliwezaje, mbona sisi hatukuwahi kuwaona mkigombana, mimi Ukristo umenishinda kwa nyumba yangu mwenyewe.

Wacha kwanza nicheke. Hamkutuona? Nyinyi mlikuwa mnalala mapema, na sisi tulikuwa tunagombana kwa kunong'ona juu ukuta wa ile nyumba yetu ya mtaa wa Umoja ulikuwa mwembamba hadi jirani akipiga chafya unamwambia pole.

Mwaka wa 2001, wewe ukiwa darasa la pili, baba yako alichukua pesa ya renti akampa ndugu yake bila kuniambia. M-Pesa haikuwa bado, hiyo ilikuja 2007, kwa hivyo renti ilikuwa inakaa kwa mkebe wa mafuta ya Kimbo juu ya kabati, na mimi nilijua tarehe 5 imefika wakati nilifungua huo mkebe nikapata risiti ya stima peke yake. Landilodi ako mlangoni. Niliona giza. Nikakopa kwa chama chetu cha akiba, nikalipa, halafu nikamnunia baba yako siku 9. Nilikuwa namimina chai ya kila mtu, yake naiacha kwa thamosi ajimiminie. Na hizo siku zote 9 sikukosa mazoezi ya kwaya hata siku moja, naimba Bwana utuhurumie kwa sauti ya kwanza, safi kabisa.

Jumapili ikafika, Padre akasema tutakiane amani. Nikageuka kushoto, nikageuka kulia, nikasalimia hadi mama wa benchi ya nyuma ambaye hata simjui, halafu baba yako akanyoosha mkono juu ya kichwa chako na mimi nikampa vidole viwili. Viwili tu, mwanangu. Na wewe ulikuwa hapo katikati umeinua macho unaangalia ile mikono. Kisha nikaenda nikapanga laini ya komunyo kama mtu hana deni, na Mathayo 5 imesema wazi uache sadaka yako hapo mbele ya madhabahu uende kwanza ukapatane na ndugu yako. Hiyo macho yako ndiyo ilinisumbua mchana wote, sio mahubiri.

Jioni nikaenda jikoni nikapata baba yako ameinama kwa karai anasugua sufuria ya ugali, ukoko umekauka umekataa kutoka, anakwaruza na kijiko. Hakuinua kichwa. Akasema, nimekosa, ningekuuliza. Akanyamaza. Nilingoja ile "lakini" yake, unajua wanaume, samahani lakini na wewe pia. Haikuja. Basi nikachukua kitambaa nikaanza kupanguza.

Usidhani iliisha hapo ikawa sherehe. Nilimsamehe, na mkebe nikauhamisha. Renti nilishika mimi miaka mingi baada ya hapo na yeye hakulalamika, kwa hivyo mkeo akikwambia amekusamehe na bado hajakuamini sawasawa, usimtolee mstari wa kusamehe saba mara sabini. Mwache apone polepole.

Unakumbuka Novemba 2015 Papa Fransisko alipokuja, tukaenda ile Misa ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mvua yote ile, viatu vimejaa matope? Alisema afya ya jamii inategemea afya ya familia, halafu akafika mahali pa kukataa mila zinazowapa wanaume kiburi na kuwadharau wanawake, nikampiga baba yako kiwiko, akasema nimesikia. Huyo Papa alikuwa anapenda kuwaambia watu wa ndoa maneno 3: naomba, asante, samahani. Kwako wewe naona asante ndiyo haba zaidi. Nilikaa kwenu siku 4 Pasaka, chakula kilikuja na kuondoka, na huyo dada anayewasaidia kazi sikusikia akiambiwa asante, na alikuwa anakula akiwa amesimama. Hiyo haikunipendeza, nilinyamaza tu kwa sababu ni kwa mkeo.

Kuhusu kufoka, mimi nadhani shida yako nusu ni dhambi na nusu ni Lang'ata Road. Umetoka saa kumi na moja asubuhi, unarudi saa tatu usiku, masaa mawili kwa jamu, halafu unafungua mlango unakanyaga kiatu cha mtoto na unalipuka. Jamu sio kosa la mtoto. Ukishuka stage, kaa pale kwa mama wa mahindi dakika tano, kula yako pole pole, sema Baba Yetu, ndio uende. Baba yako alikuwa anazunguka ploti mara mbili, nyinyi mlidhani anaangalia usalama.

Na huyo mtoto umjibu. Usimnunulie baiskeli. Chuchumaa mkutane macho, umwambie ni kweli nilifoka na nilikosea, ukishasema hivyo unyamaze, usiingize lakini na wewe unaacha viatu mlangoni. Wakolosai inawaambia akina baba msiwachokoze watoto wenu wasije wakakata tamaa, na mtoto wa miaka mitano anayeuliza swali kama hilo bado hajakata, ndiyo maana ameuliza.

Jumamosi mkuje, natengeneza mukimo. Mwambie mkeo asihangaike kubeba soda, alete tu zile sufuria zangu mbili, hiyo kubwa ni ya jumuiya yetu ya kanisa na wameanza kuniuliza.

Mamako.