Ukipanga kukutana na mtu mjini Dar, usiseme "Posta" tu

Maisha ya Dar nimeyaanza kama mesenja. Asubuhi napewa bahasha, natoka, narudi, napewa nyingine, hivyo hivyo mpaka jioni, na nauli ni ya kwenda na kurudi basi, ukipotea unatembea. Kwa hiyo haya ninayowaandikia leo mengi niliyajua kwa miguu kwanza, kusoma nimesoma baadaye baada ya kuanza kujiuliza hivi huyu Samora ni nani na kwanini mtaa wake uko hapa.

Wiki ya kwanza tu kazini nikaambiwa peleka hii bahasha Posta, kuna mama anakusubiri mlangoni, awe ameshaipata kabla ya saa sita. Mimi mtoto wa bara, kwangu Posta ni Posta. Nikapanda daladala imeandikwa Posta, nikashuka pale Posta ya Zamani, Sokoine Drive, karibu na kanisa la Mtakatifu Joseph, nikasimama mlangoni namuangalia kila mama anayepita usoni. Saa sita ikapita. Kumbe mwenzangu yuko Posta Mpya, kule juu Mtaa wa Azikiwe, na yeye anaangalia vijana wote wenye bahasha. Kutoka hapa mpaka kule ni kama dakika kumi kwa mguu lakini nani aniambie? Nilipofika ameshaondoka, na zile karatasi zilitakiwa zisainiwe siku ile ile. Nilikatwa hela ya siku nzima na sikulala vizuri.

Ndo maana nasema, ukimuelekeza mtu katikati ya jiji letu mpe vitu viwili kwa pamoja, mtaa na kitu kilichosimama kwenye huo mtaa. Kimoja peke yake hakitoshi. Mtaa peke yake watu wengi hawaujui hata kama wanaupita kila siku, muulize muuza maji wa Posta Mpya hapa ni mtaa gani uone atakavyokuangalia. Na alama peke yake ina majina mengi au ziko mbili kama zile Posta zangu.

Na kuna kitu cha tatu, jina la zamani. Hili nilifundishwa na baba mkubwa wangu.

Alikuja mjini kwa mambo yake ya pensheni, akanipigia, "Mwanangu, nakusubiri hapa Picha ya Bismini." Nikasema shikamoo baba, wapi hapo? "Bismini! Hukai mjini wewe?" Simu ikakata. Nikamuuliza konda hajui. Nikauliza vijana wa vocha hawajui, mmoja akanambia labda ni studio ya picha, nikaanza kutafuta studio jamani. Mpaka nikampata mzee mmoja wa magazeti, akacheka kidogo akanyoosha kidole, "Si Askari pale. Sisi ndo tulikuwa tunaita hivyo, Picha ya Bismini." Picha kwa wazee wa pwani ni sanamu. Nikageuka, baba mkubwa kakaa kwenye kivuli upande wa pili wa barabara na mfuko wake wa rambo, ananitazama tu.

Sanamu la Askari ndo alama nzuri kuliko zote mjini kwa kukutana, liko pale kwenye mzunguko, Samora inapokatana na barabara inayotoka Maktaba kwenda Azikiwe. Hakuna dereva bodaboda asiyelijua. Ila mzunguko ni mpana na magari hayaishi, kwa hiyo sema na upande, upande wa Posta Mpya au upande wa kwenda baharini, vinginevyo mtapigiana simu mkiwa mnatazamana. Na kwa wageni nawapa siri hii, ukipotea mwelekeo kule mjini, maana maghorofa yanaficha kila kitu, angalia bunduki ya yule askari, ile singe imeelekea bandarini. Mimi nimeitumia kama dira miaka yote ile.

Siku ile baada ya kumsalimia baba mkubwa akanishika mkono tukavuka mpaka kwenye sanamu lenyewe, akaniambia soma. Nilikuwa nimepita pale labda mara mia na sijawahi kusoma. Pana maandishi ya Kiingereza na ya Kiswahili, na Kiswahili kimeandikwa kwa herufi hizi zetu na kwa herufi za Kiarabu pia, kwa sababu enzi hizo watu wengi wa pwani ndo walikuwa wanasoma hizo. Yanasema sanamu ni la kuwakumbuka askari wa Kiafrika waliopigana Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918, na pia wapagazi, waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Miguu na mikono. Baba mkubwa akayapitisha yale maneno kwa kidole polepole, vumbi likabaki kwenye kidole, akasema hawa wapagazi walikuwa watu wa vijijini tu, walibebeshwa mizigo, wakafa njiani kwa njaa na magonjwa, na majina yao hayajaandikwa popote. Mimi mwenyewe wakati ule nilikuwa mbeba bahasha, ile kitu iliniingia.

Sanamu lenyewe limezinduliwa 1927. Kabla yake pale pale Wajerumani walikuwa wameweka la mtu wao, Hermann von Wissmann, gavana, na Waingereza walipoingia mji 1916 wakaling'oa. Sasa jina Bismini hapo unaweza kulisikia lilipotokea, au angalau mimi nasikia hivyo kila nikilitamka.

Halafu unganisha na Kariakoo. Wengi tunajua Kariakoo kama mahali pa kununua nguo na simu na kuibiwa ukizubaa, lakini hilo jina ni hao hao wapagazi, Carrier Corps, kikosi cha wabebaji. Waingereza walikuwa na kambi yao pale, watu wakalitamka kwa midomo yao likawa Kariakoo na limebaki mpaka leo. Na ndugu zetu wa Nairobi wana Kariokor yao, jina lile lile, na pale Kenyatta Avenue wana sanamu lao la aina hii hii, kazi ya mchongaji mmoja, wao wamewekewa watu watatu. Kwa hiyo ukisimama Askari halafu ukapanda bajaji mpaka sokoni Kariakoo umefuata habari moja ya watu wale wale. Natamani sana watoto wa shule wapelekwe hiyo njia, hata kwa miguu.

Ukifika sokoni, kabla hujaanza kubishana bei, inua uso juu uangalie paa la lile soko kuu. Ile ni miavuli ya zege, mikubwa, imegeuzwa kama inakinga mvua, na kweli inakinga, imechorwa hivyo ili maji ya mvua yashuke mpaka kwenye matangi chini. Aliyelichora ni msanifu wetu mwenyewe Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa 1975. Lilipoungua Julai 2021 nilikaa nyumbani naangalia video za moto kwenye simu, nikasema ee Mungu ile miavuli. Watu walipoteza mitaji yao yote usiku ule na hilo ndo lilikuwa kubwa zaidi, lakini na miavuli iliniuma.

Turudi Samora maana hapo ndo pana mambo. Zamani za Mjerumani na Mwingereza ulikuwa mtaa wa miti ya akasia, kwa Kiingereza Acacia Avenue, tulipopata uhuru ukawa Independence Avenue, halafu ukapewa jina la Samora Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji aliyekufa kwenye ajali ya ndege Oktoba 1986. Ukikutana na mtu mzima anasema Independence Avenue ujue anamaanisha hapo hapo, msimsahihishe, mfuate tu. Mtaa wa Lumumba nao wazee wanauita New Street. Na Bibi Titi kuna ambao bado wanasema UWT.

Samora upande mmoja unaanzia Mnara wa Saa, ule uliojengwa 1961 Dar ilipotangazwa kuwa jiji. Pale pale mnarani ndo unaanza Mtaa wa Nkrumah. Mimi Nkrumah nimeupita miaka minne na bahasha zangu, kwangu ulikuwa mtaa wa spea za magari na jua kali, basi. Baadaye ndo nikaja kusoma kwamba ofisi ya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilikuwa mtaa huu, namba 201. Chama chenyewe kiliundwa hapa hapa Dar, Juni 1962. Watu waliokuwa wanapanga ukombozi wa nchi nzima walikuwa na namba ya nyumba kama mimi na wewe, barua zinawafikia, wanatoka kununua sigara. Na Eduardo Mondlane, kiongozi wao wa kwanza, ndo aliyeuawa hapa Dar tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa kwenye kifurushi cha kitabu. Kwa hiyo ukitoka Nkrumah ukavuka Mnara wa Saa ukaingia Samora, umetembea dakika chache tu lakini umetoka ofisini kwao ukaingia kwenye mtaa wa mtu wao. Sijui kwanini hatuambiani haya mambo. Mimi nikiwa na mgeni nampitisha huko kwa makusudi hata kama njia fupi ipo.

Mwisho mwingine wa Samora unatokea bustani ya Botaniki, na jirani yake Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Makumbusho ilifunguliwa 1940. Kama unamsubiri mtu atakayechelewa, na mjini watu wanachelewa, msubirie huko, pana kivuli na pametulia.

Sasa kuna anwani nyingine hapa mjini hata hazitaji tena mtaa, zinataja wenyewe. Mtu akisema "Msimbazi wamesajili" hazungumzii barabara, anazungumzia Simba. Yanga ni Jangwani, pale kona ya Twiga na Jangwani. Magazeti yakiandika Lumumba ni CCM, na Magogoni ni Ikulu. Ukiwa mgeni hii itakuchanganya, kwa hiyo ukiambiwa tukutane Msimbazi uliza, klabuni au kituo cha mwendokasi cha Msimbazi Polisi au wapi, maana mtaa ni mrefu na una watu kama mchanga. Na siku ya mechi ya watani usipange kukutana na mtu kwenye hizo kona mbili, hata simu hutaisikia ikiita. Magogoni nako weka simu mfukoni kabisa, usipige picha. Mimi nilitaka kupiga boti tu ya Kigamboni, nikaitwa, nikaelezwa kwa upole nikafuta picha nikaondoka, ila moyo ulienda mbio mpaka Feri.

Tangu ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022, kabla ya sensa, nyumba nyingi zina namba, mitaa ina vibao na kuna postikodi ya tarakimu tano. Naomba tuzitumie. Najua tumezoea "ukifika kwenye mbuyu kata kulia, uliza kwa mama Asha", na mimi nimeishi kwa hayo, lakini mbuyu unakatwa na mama Asha anahama. Rafiki yangu alielekeza gari la wagonjwa kwa fremu ya rangi ya bluu, na ile fremu ilikuwa imeshapakwa rangi nyingine wiki hiyo hiyo. Mgonjwa alipona, tunashukuru, ila gari lilizunguka sana. Nenda leo kasome kibao cha nyumba yako, namba na jina la mtaa, uandike kwenye simu ya kila mtu hapo nyumbani, dada wa kazi pia. Lokesheni ya Google Maps tuma, ila usiitegemee peke yake, bando likiisha au pini ikiangukia mtaa wa nyuma mtahangaika.

Alama nayo chagua isiyohama. Kanisa, msikiti, shule, mnara, sanamu. Sio kibanda cha chipsi.

Wiki hii mtoto wa dada yangu anakuja Dar mara ya kwanza, anatokea Kilosa na ana usaili mjini. Meseji niliyomtumia jana ni hii, nawaachia kama ilivyo: "Mjomba, ukishuka usishuke Posta ya Zamani, mwambie konda Posta Mpya, Mtaa wa Azikiwe. Ukishuka uliza Askari, Samora, ukikwama muulize mzee yeyote Picha ya Bismini. Utaona sanamu la mtu kashika bunduki. Simama upande ule bunduki inakoelekea, kwenye kivuli, nitakuwepo saa mbili na nusu. Njoo mapema kidogo, kuna maandishi pale chini nataka tusome kabla hujaingia kwenye usaili."