Maswali na Majibu: Umeme Umekatika, Sauti Imerudi Ilikokuwa

Barua tano za safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni namna ya kuhifadhi na kurejesha mipangilio ya kadi ya sauti kwa amri katika kompyuta zenye Linux, kwa hiyo nimezijibu pamoja.

Ndugu mwandishi, nina studio ndogo ya kurekodi kwaya hapa Nkuhungu, Dodoma mjini. Nikirekebisha sauti kwenye alsamixer kila kitu huwa sawa, lakini umeme ukikatika na kurudi nakuta maikrofoni imeshuka na spika zimenyamazishwa. Nikizima kompyuta kwa utaratibu hali hiyo haitokei. Kwa nini?

Sentensi yako ya mwisho imebeba nusu ya jibu. Alsamixer, programu ya kurekebisha vidhibiti vya sauti, hubadilisha thamani zilizo ndani ya kadi kwa wakati huo tu, wala haiandiki chochote kwenye diski. Anayeandika ni alsactl, programu iliyomo kwenye kifurushi cha alsa-utils, ambayo mfumo wenyewe huiita mara mbili: kompyuta inapowaka, ili isome mipangilio, na inapozimwa kwa utaratibu, ili iiandike. Umeme ukikatika ghafla nafasi ya pili haipatikani, na ndiyo maana kompyuta ikiwaka tena huirudisha kadi kwenye hali iliyoandikwa mara ya mwisho, hata kama ni ya wiki mbili zilizopita.

Basi usingoje kuzima. Ukishamaliza kurekebisha, toka kwenye alsamixer kwa kitufe cha Esc, kisha andika `sudo alsactl store` (neno sudo huipa amri mamlaka ya msimamizi wa kompyuta) na kuifuatishia `sync`, ili kilichoandikwa kisibaki kwenye kumbukumbu ya muda bali kishuke kwenye diski saa hiyo hiyo. Amri hizi zikifanikiwa hazisemi neno, jambo ambalo huwatia shaka wengi. Ukitaka uhakika, andika `ls -l /var/lib/alsa/asound.state` uangalie saa ya faili hilo, ndilo linalobeba mipangilio. Ikiwa ni ya dakika hiyo, mambo yako salama. Siku utakapokuta mtu amechezea vidhibiti, `sudo alsactl restore` itakurudisha ulikokuwa. Nami niliwahi kukaa jioni nzima kwenye ukumbi mmoja wa Kizota nikiulaumu waya wa maikrofoni, nikabadilisha waya mbili, kumbe umeme ulikuwa umekatika mchana na kadi ikarudi kwenye mipangilio ya zamani iliyokuwa na alama ya MM chini ya kidhibiti cha spika, yaani kimenyamazishwa. Kubonyeza M mara moja kulitosha.

Hapa Mpwapwa tunatumia kompyuta moja kwa ibada ya Jumapili na kwa kurekodi mafundisho katikati ya wiki. Je, ni lazima turekebishe upya kila mara?

Hapana. Alsactl hukubali kuandika kwenye faili lolote utakalolitaja kwa `-f`. Panga sauti ya ibada, kisha andika `sudo alsactl -f /var/lib/alsa/ibada.state store`, panga ya kurekodi, uihifadhi vivyo hivyo kwa jina la kurekodi.state. Jumapili asubuhi utaandika amri ile ile ya ibada, ila neno la mwisho liwe `restore`. Kumbuka tu kwamba faili hizi za pembeni hazisomwi kompyuta inapowaka. Wakati huo husomwa asound.state peke yake.

Mimi ni mwalimu wilayani Kongwa. Maabara yetu ina kompyuta ishirini. Naweza kurekebisha moja na kulinakili faili lake kwenye nyingine zote?

Mwalimu, unaweza, mradi kadi za sauti ziwe za aina moja. Lifungue kwanza faili hilo la asound.state kwa `less`, amri ya kusomea maandishi, kwa kuwa ni maandishi ya kawaida. Kwenye kompyuta ninayoandikia, kadi inaitwa PCH, na kidhibiti kikuu kimeandikwa 'Master Playback Volume', thamani 75, na mipaka yake ni 0 hadi 87. Kila hatua moja ni desibeli 0.75, kwa hiyo hatua 12 chini ya kilele ni desibeli 9 zilizopunguzwa, na faili lenyewe linaonyesha -900 kwa kuwa huhesabu kwa sehemu za mia. Kadi ya aina nyingine huenda ikawa na jina jingine, vidhibiti vingine na mipaka mingine, na hapo 75 ya kwangu si 75 ya kwako.

Kama kompyuta zenu ni za mchanganyiko, kama zilivyo maabara nyingi zilizojengwa kwa misaada ya vipindi tofauti, ningeacha kunakili faili na badala yake ningetumia `amixer -c 0 sset Master 70% unmute` kwenye kila moja, kwa sababu asilimia huhesabiwa kwa mipaka ya kadi husika. Kisha hifadhi kwa `sudo alsactl store`.

Nasoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Nimehifadhi kama inavyotakiwa, lakini nikiingia kwenye akaunti yangu sauti inabadilika yenyewe.

Juu ya ALSA, yaani sehemu ya Linux inayoendesha kadi za sauti, kuna msimamizi mwingine. Ubuntu tangu toleo la 22.10 hutumia PipeWire kwa sauti, na mwenzake WirePlumber huweka kumbukumbu zake kwenye folda yako, katika `~/.local/state/wireplumber`, kisha huzirejesha unapoingia, baada ya alsactl kumaliza kazi yake. Panga sauti huko juu kwa `wpctl set-volume @DEFAULT_AUDIO_SINK@ 60%`. Kwa kompyuta ya Linux ya mtu mmoja inayotumiwa kwa kipanya na picha (desktop), naona ni afadhali kumwachia WirePlumber. Alsactl inafaa zaidi kwa mashine za studio na ukumbi.

Niko Manyoni. Kadi yangu ya USB ina kifundo cha kuzungusha cha maikrofoni. Mbona alsactl haikirejeshi?

Vifundo vya namna hiyo mara nyingi hufanya kazi ndani ya kadi yenyewe, na kompyuta haina habari navyo. Andika `cat /proc/asound/cards` upate namba ya kadi, kisha `amixer -c 1 contents` kama namba ni 1. Kisichotajwa kwenye orodha hiyo hakiwezi kuhifadhiwa. Bandika kipande cha utepe pembeni ya kifundo na uweke alama kwa kalamu.