Moshi mweupe asubuhi kwenye pikapu mpya: pima kulanti (kimiminika cha kupoza injini) kabla ya kununua hita plagi

Ndugu yangu wa Mtongwe, shida yako naijua. Pikapu ya dizeli haijatimiza mwaka, ina kilomita 11,000, kila asubuhi ukiiwasha inatoa moshi mweupe dakika mbili tatu kisha unakatika, na fundi wa mtaani amekwambia ununue hita plagi. Tafadhali usitoe hizo pesa bado.

Mimi pikapu yangu ni ya kubebea barafu na samaki. Natoka Kisauni kuingia sokoni Kongowea kabla hakujapambazuka. Ilipofikisha miezi tisa ikaanza hivyo hivyo, majirani wakitoka sala ya alfajiri wanapita wameziba pua. Nami niliambiwa hita plagi, nikakataa kwa sababu moja: kazi ya hita plagi ni kupasha moto silinda pale penye baridi ya kweli, kama Limuru. Hapa kwetu Mombasa hata Julai, kusi linavuma, asubuhi ni nyuzi 20 na kitu. Kwa joto hilo injini ya dizeli ya kisasa huwaka bila kutegemea sana hita plagi. Dakika tatu za moshi kila siku zinatoka kwingine.

Mvuke kidogo ni halali yake. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji, na gari likilala baadhi ya maji hayo hubaki ndani ya bomba la ekzosi. Lakini mvuke huo ni mwepesi, hauwashi macho, na unayeyuka hatua chache tu nyuma ya gari. Ukiona moshi unaning'inia uani kama wa kuni mbichi, huo si mvuke wa kawaida.

Basi simama kando ya gari unuse. Ukisikia dizeli mbichi na macho yakawasha, ni mafuta ambayo hayakuungua. Mara nyingi ni nozo, kile kinachonyunyizia dizeli ndani ya injini, inayodondosha matone ndani ya silinda usiku kucha, na utaisikia injini ikitetemeka sekunde za mwanzo kama imekosa mguu mmoja, halafu inatulia. Hapo unataka fundi mwenye mashine ya kusoma marekebisho ya kila nozo na kupima mafuta yanayorudi kwenye tangi. Mwaga pia maji ya filta ya dizeli, maana unyevu wetu ni mwingi na tangi likilala nusu tupu linakusanya maji. Kwamba wauzaji wanachanganya mafuta ya taa kwenye dizeli nimefikiria pia, ila tangu serikali iweke tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, faida ya kuchanganya imepungua sana. Nisingeanzia hapo.

Moshi ukiwa na rangi ya buluu ni oili. Kwa gari jipya chomoa kwanza kijiti cha kupimia oili utazame, huenda waliofanya servisi walijaza kupita alama.

Harufu ikiwa tamutamu, kama sukari inayoungua, hiyo ni kulanti, na hapo ndipo nilipokuwa mimi. Sikuwa na hakika, kwa hiyo nikabandika utepe kwenye chupa ya kulanti, usawa wa kimiminika, asubuhi injini ikiwa baridi. Usifungue kifuniko injini ikiwa moto, itakuunguza uso. Kila siku nilitazama saa ile ile, gari likiwa pale pale, kwa kuwa mteremko nao hubadilisha usawa. Siku ya nne kulanti ilikuwa imeshuka upana wa kidole, na chini hakuna tone hata moja. Kama haimwagiki nje, basi inaingia ndani.

Sasa sikiliza kosa langu, lilinila wiki sita. Mara tatu nilipeleka gari kwa waliotoa waranti, na mara tatu nikajibiwa hakuna moshi. Walisema kweli! Nikitoka Kisauni, foleni ya daraja la Nyali, mpaka nifike kwao injini imeshapata joto na moshi umekwisha. Mara ya nne nikaliacha lilale kwao, nikawaomba kwa maandishi wasiliwashe mpaka nifike. Nilienda na picha za utepe na video tatu zenye tarehe. Saa mbili asubuhi tukaliwasha pamoja na msimamizi wao, na ua wote ukawa mweupe.

Usiku uliofuata wakaujaza upepo mfumo wa kulanti kwa pampu ya kupimia, wakauacha. Asubuhi presha imeshuka. Walipofungua wakakuta ufa kwenye kipoza gesi, kile kifaa kinachopoza gesi ya ekzosi inayorudishwa ndani ya injini. Injini ikizimwa, mfumo unabaki na presha kwa muda, na presha hiyo ndiyo iliyokuwa ikisukuma kulanti kupitia ule ufa. Asubuhi inageuka moshi. Walibadilisha kwa waranti, sikutoa shilingi. Ingeweza pia kuwa gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba chini ya kichwa cha injini, dalili zinafanana, ndiyo maana kipimo ni muhimu kuliko ubishi.

Usingoje sana kama ni kulanti. Ikijikusanya ndani ya silinda, ukipiga stata pistoni inagonga kimiminika kisichobanika, na mkono wa pistoni unaweza kupinda. Na wakati unapima, nakusihi usiongezee maji ya kisima. Visima vyetu vingi vina chumvi, yatakula aluminiamu ya injini, na wenye waranti watapata sababu ya kukukatalia. Ongeza kulanti ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari na uweke risiti. Fundi wa mtaani naye asifungue bolti yoyote kwa sasa, hata kama ni hodari.

Bandika utepe leo usiku, gari likishapoa. Baada ya siku nne rudi utwambie kulanti imeshuka kiasi gani, na harufu ni ipi.