Sabufa isiyoamka usiku

Swali: Shikamoo fundi. Nina risiva (amplifaya inayopokea sauti ya runinga na muziki) yenye spika tano, na sabufa yenye amplifaya yake ndani. Runinga na risiva nawasha kwa rimoti moja, lakini sabufa iko pembeni nyuma ya kochi na swichi yake iko mgongoni. Nimeiweka kwenye AUTO kama kitabu cha maelekezo kinavyoagiza. Mchana, sauti ikiwa juu, inaamka yenyewe. Usiku watoto wakishalala napunguza sauti, na hapo ndipo shida inapoanza: ama haiamki kabisa, ama inashtuka kwa kishindo gari linapolipuka kwenye filamu, halafu mazungumzo yakirefuka inazima tena. Mume wangu anasema tuiache ON siku zote. Mimi moyo hautulii kuacha chombo kikila umeme usiku kucha bila kazi. Je, kuna njia ya kuifanya iwake na kuzima pamoja na vyombo vingine?

Jibu: Marahaba, mama. Sabufa yako ni nzima. Shida ni kwamba AUTO haijui lolote kuhusu risiva. Ndani ya sabufa kuna sakiti ndogo inayosikiliza waya wa sauti tu. Umeme wa sauti ukifika kiasi fulani, ambacho kwa kawaida ni milivolti chache, sakiti inaamsha amplifaya. Waya ukikaa kimya, kwenye sabufa nyingi kwa dakika 15 hadi 20, inailaza. Unapopunguza sauti ya risiva usiku, umeme unaokwenda kwenye sabufa nao unapungua. Watu wawili wakikaa mezani kwenye filamu wakizungumza kwa nusu saa, hakuna besi ya kufikia kiwango hicho, na sabufa inahesabu kwamba kazi imekwisha.

Kwa hiyo usinunue kitu bado. Nenda kwanza nyuma ya kochi uangalie kile kitufe cha kuzungusha cha sauti ya sabufa. Nyumba nyingi ninazoingia nakikuta kimefunguliwa sana. Risiva ilipojipima kwa maikrofoni yake iliona besi imezidi, ikapunguza sauti ya sabufa kwenye menyu hadi hasi 8 au hasi 10 za desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti. Masikio yanaridhika, maana jumla ni ileile, lakini kinachopita kwenye waya ni kidogo mno, na AUTO inasikiliza waya, haisikilizi chumba. Geuza mpango huo: punguza kitufe cha sabufa, kisha rudia vipimo vya risiva, au pandisha mwenyewe kwenye menyu mpaka besi irudi ulivyoizoea. Kila desibeli 6 unazoongeza upande wa risiva zinafanya volti za kwenye waya kuwa mara mbili. Usipandishe hadi mwisho wa kipimo, kwa sababu sauti itaanza kukwaruza mlipuko mkubwa ukija. Ukiishia karibu na sifuri panatosha.

Ukiwa bado kwenye menyu, tazama ukubwa wa spika. Kama spika za mbele zimeandikwa kuwa ni kubwa, risiva inaziachia besi yao zenyewe, na ukisikiliza muziki wa kawaida sabufa inaweza isipate kitu. Ziandike kuwa ndogo, na mpaka wa kugawa sauti uuweke kwenye hezi 80. Kuanzia hapo besi ya spika zote tano inakwenda kwenye sabufa: nyayo, mlango unaofungwa, gitaa la besi, hata sehemu ya chini ya sauti nzito ya mwanamume, kwa kuwa kichujio hakikati palepale kwenye 80 bali kinapunguza taratibu. Sabufa inayopata chakula kidogo kidogo namna hiyo haisinzii ovyo. Tena kama ina matundu mawili ya kuingiza sauti, la kushoto na la kulia, kebo yenye umbo la Y inayojaza yote mawili mara nyingi huongeza nguvu ya sauti inayoingia, hadi desibeli 6 kwenye sabufa zinazojumlisha matundu hayo. Kuna wateja ambao tatizo lao liliishia kwenye kebo hiyo.

Lakini umeuliza iwake na kuzima pamoja na vingine, na hilo lina jibu lake hasa: waya wa triga. Chunguza mgongo wa risiva na wa sabufa utafute tundu dogo la milimita 3.5, lililoandikwa TRIGGER au 12V. Risiva ikiwaka inatoa volti 12 kwenye tundu hilo. Ikizimwa, volti zinaondoka. Sabufa inasoma hizo volti tu, haijali filamu ina besi au haina, wala haihesabu dakika. Unahitaji kebo nyembamba yenye jeki ya mono kila upande, ndefu ya kufika nyuma ya kochi. Waya unatoka penye OUT kwenye risiva na kuingia penye IN kwenye sabufa. Usiunganishe OUT mbili pamoja. Kisha ingia menyu ya risiva uhakikishe triga imepangiwa chumba kikuu na vyanzo vyote unavyotumia, kwa sababu risiva nyingine huruhusu kuchagua, na nimewahi kuitwa nyumbani kwa mtu ambaye sabufa yake iliwaka kwa filamu na kukataa muziki, kisa ni alama moja ya tiki kwenye menyu. Mimi triga ndiyo ninayoipenda kuliko njia zote. Wahandisi waliiweka kwa kazi hiyohiyo, na ni huzuni kuona tundu lile limejaa vumbi katika nyumba nyingi.

Ikiwa risiva ina triga na sabufa haina, kuna visanduku vya rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, vinavyopokea volti 12 na kuruhusu umeme wa ukutani upite. Nunua kilichotengenezwa kiwandani, kinachohimili ampia nyingi kuliko zilizoandikwa kwenye sabufa, maana amplifaya inapowaka huvuta umeme mwingi kwa mara moja kujaza kapasita zake (vihifadhi umeme vya ndani), na rilei dhaifu hugandana. Usikubali mtu akuundie kimoja kwenye kopo la plastiki. Huo ni umeme wa ukutani, na nyumba ina watoto. Wala usijaribu kuiendesha sabufa yenyewe kwa volti za triga: zile ni za kutoa amri tu, kwenye risiva nyingi ni miliampia 100 au 150, basi.

Kama hakuna triga popote, kuna ekstensheni yenye soketi moja inayoongoza nyingine. Risiva unaichomeka kwenye soketi kiongozi, sabufa kwenye mojawapo ya zinazofuata, na swichi ya sabufa unaiacha ON. Risiva ikianza kuvuta umeme, sabufa nayo inapata. Chagua risiva iwe kiongozi, siyo runinga, la sivyo siku utakayosikiliza muziki runinga ikiwa imezimwa utakosa besi. Risiva za sasa zikiwa zimelala huendelea kula umeme kidogo, hasa ukiruhusu picha ya HDMI ipite au intaneti ibaki hewani, na ekstensheni inaweza kudhani bado ziko kazini. Tafuta yenye skrubu ya kurekebisha kiwango hicho. Kabla ya kuinunua fanya jaribio moja: sabufa ikiwa ON, chomoa plagi yake, subiri, irudishe. Je, imewaka yenyewe? Zenye kitufe laini cha kubonyeza mara nyingi hurudi zikiwa zimelala, na kwa hizo ekstensheni haisaidii. Sikiliza pia mlio wa kuzima. Kishindo kidogo kinavumilika, lakini ukiona karatasi ya spika inaruka mbele, achana na njia hiyo. Utaratibu unaofaa ni sabufa kuwaka mwisho na kuzima kwanza, na ekstensheni haiwezi kuzima sabufa mbele ya risiva.

Kuhusu hoja ya mume wako: hataharibu kitu kesho, lakini wewe una haki. Sabufa ya amplifaya ya mtindo wa zamani, ikiwa ON na kimya, inaweza kula wati 10 au 20 saa zote, na joto lake linachosha kapasita. Ikilala, ulaji ni mdogo mno. Umoja wa Ulaya tangu 2013 unadai vifaa vingi vya nyumbani vilivyolala visizidi nusu wati.

Swali: Yangu ina ugonjwa wa kinyume. Risiva nimezima, lakini taa ya sabufa inabaki kijani hadi asubuhi, na nikisogeza sikio nasikia mngurumo. Iko AUTO.

Jibu: Huo mngurumo ndio unaoiamsha. Ni umeme wa ukutani, hezi 50 au 60 kutegemea nchi, unaojipenyeza kwenye waya wa sauti, na sakiti ya AUTO inaudhani kuwa ni besi. Chomoa waya wa sauti kwenye sabufa usubiri nusu saa. Ikilala, tatizo linatoka nje yake. Rudisha waya, kisha chomoa kebo ya antena au ya king'amuzi. Mara nyingi mngurumo unakufa hapohapo, kwa sababu kebo ile ina njia yake ya kwenda ardhini na nyumba ina nyingine, na baina ya mbili hizo mkondo unazunguka. Transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye kebo ya antena inamaliza. Kama kisababishi siyo antena, peleka risiva na sabufa kwenye soketi moja, na waya wa sauti usiulaze sambamba na nyaya za umeme. Yuko atakayekushauri ukate pini ya ethi, ile ya kwenda ardhini, kwenye plagi. Usikate. Pini ile ndiyo inayokulinda hitilafu ikitokea na chuma cha sabufa kikapata umeme.

Swali: Amplifaya yangu ya zamani ina soketi mbili za umeme mgongoni zinazowaka nayo. Naweza kuchomeka sabufa hapo?

Jibu: Soma maandishi yaliyo kando ya soketi hizo. Nyingi zinaruhusu wati 100 au pungufu kwa jumla, kwa ajili ya redio au deki ya kaseti. Linganisha na wati zilizoandikwa mgongoni mwa sabufa kama kiwango cha kuvuta umeme, siyo zile za kwenye tangazo. Zikizidi, usichomeke. Soketi hizo zinaweza kuwa kiongozi mzuri wa kisanduku cha rilei: adapta ndogo ya volti 12 unaichomeka hapo, yenyewe inaamuru rilei, na sabufa inapata umeme wake moja kwa moja kutoka ukutani.