Kabla hujaandika historia ya kikundi cha sanaa

Makala zinazidi kuja na kosa ni lile lile. Muungano Cultural Troupe na Tanzania One Theatre (TOT) zinaandikwa kama bendi mbili za taarab zilizopigana mipasho: Khadija Kopa upande huu, Nasma Khamis "Kidogo" upande ule, historia imekwisha. Wadogo zangu, hapana. Hivi vilikuwa vikundi vya maonyesho ya mseto, yenye ngoma, vichekesho na igizo pia. Nawapenda kwa kuipenda kazi hii, lakini someni haya kwanza, iwe mnaandika kuhusu hao wakubwa au kikundi cha mtaani kwenu.

1. Usianzie kwenye kaseti.

Kaseti ilibeba kilichouzika, na taarab iliuzika. Kichekesho kilikuwa hakiingii kwenye kaseti, ngoma iliingia kwa nadra, na sarakasi utairekodije kwa sauti? Anayejifungia na sanduku la kaseti anapata kipande cha onyesho, halafu anakiita onyesho zima. Hapo ndipo linapozaliwa lile neno linaloniuma kila nikilisoma: kwamba vichekesho vilikuwa "vya kujazia".

Lifikirie onyesho la baa la miaka ya 1980, mwisho wa wiki, Dar es Salaam. Linaanza alasiri, linakwisha giza limeshaingia. Ndani yake kuna ngoma kadhaa, sarakasi, kwaya au ngonjera, kichekesho, igizo na muziki wa magitaa. Sindimba imekwisha, wachezaji wanatoka wamelowa jasho. Ngoma inayofuata ni bugobogobo: mavazi mengine, majembe yatafutwe, njuga zifungwe. Na ngozi za ngoma zimelegea kwa unyevu wa jioni, kwa hiyo lazima zirudi motoni zikazwe, la sivyo zitalia kama debe lenye maji. Nani anaishika hadhira muda wote huo? Mtu mmoja au wawili, suruali ya viraka, mto tumboni, unga usoni. Hawana maandishi mkononi. Wana kisa walichokubaliana: mlevi na mkewe, mshamba aliyeingia mjini, mganga tapeli. Nyuma kukiwa tayari wanafunga kisa. Kukiwa bado, wanakirefusha, wanamvuta mteja wa meza ya mbele, wanaanza ugomvi mpya.

Sasa uone kinachoharibika kwenye mahojiano. Unamwendea mzee aliyekuwa mchekeshaji, unamuuliza, "Mlikuwa mnasema nini?" Anakupa maneno mawili matatu, ananyamaza, nawe unaondoka ukiandika kwamba vichekesho vimesahaulika. Havijasahaulika. Maneno yalikuwa yanabadilika kila onyesho, hivyo hana maandishi ya kukumbuka. Muulize nani alikuwa anabadili nguo wakati yeye yuko jukwaani, nini kilitangulia, nini kilifuata, na alijuaje kwamba sasa atoke. Ataanza kutaja watu, ngoma na baa, kisa baada ya kisa. Kisha nenda kwa mpiga ngoma umuulize hayo hayo bila kumwambia mwenzake amesema nini. Mwishowe wakutanishe, na rekoda iwe imeshawashwa kabla hawajasalimiana.

Kosa hili la kuanzia kwenye kaseti lina gharama nyingine: linakata mizizi. Ule mseto haukuota baa. Wizara ya utamaduni iliundwa 1962, kikaja kikundi cha taifa cha ngoma, sarakasi ikaongezeka 1969 vijana waliporudi kutoka mafunzoni China, na mchezo wa kuigiza ukafuata katika miaka ya 1970. Vikundi vya taifa vilipovunjwa, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilifunguliwa 1981. Vikundi vya baa vikauchukua mfumo huo wa programu yenye kila kitu na kuupeleka kwa mlipa kiingilio. Katika vingi vya enzi hiyo taarab ilipewa nafasi kubwa baadaye tu, na ilipokua ilianza kula muda wa igizo. Televisheni binafsi zilipoanza Tanzania Bara 1994, igizo na kichekesho vilikuwa na pa kuhamia. Ukiwafuta wachekeshaji wa baa, utaelezaje vichekesho vya televisheni vilivyofuata?

2. Tarehe.

TOT ilianzishwa 1992, mwaka vyama vingi viliporudi, ikiwa kikundi cha CCM chini ya Kapteni John Komba. Atakayekwambia aliiona 1985 anachanganya na kikundi kingine. Msikilize tu, usimbishie, atakupa jina la hicho kingine. Kwenye lebo za mikanda, RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam) inakuelekeza kabla ya 2002, TUT (Taasisi ya Utangazaji Tanzania) ni baada ya hapo, na TBC (Shirika la Utangazaji Tanzania) ni kuanzia 2007.

3. Waimbaji walihama.

Khadija Kopa mwenyewe alianzia Culture Musical Club ya Zanzibar. Sauti peke yake haikwambii ni kikundi gani. Soma jalada na uulize nani alipiga kinanda.

4. Kaseti yenyewe.

Ukiipata, usiichomeke redioni hapo hapo. Vunja kwanza vile vijimeno viwili vya nyuma ili isifutike kwa bahati mbaya. Tazama ukingo wa utepe: ukiona weupe, ni ukungu, itenge na nyingine. Zungusha kwa penseli taratibu mizunguko michache, ikigoma, usilazimishe. Kasha lililopinda hufunguliwa skrubu zake tano ndogo na utepe ukahamishiwa kwenye kasha jingine zima. Mara nyingi kinachokosekana ni kile kisponji kinachoukandamiza utepe kwenye hedi, yaani kile kichwa cha mashine kinachosoma utepe, na bila hicho sauti inafifia na kukatikakatika. Safisha hedi kwa spiriti kabla ya kila kaseti. Rekodi WAV, biti 24, kilohezi 96, pande zote mbili bila kukata kimya cha katikati, kwa sababu mara nyingi hapo ndipo mshereheshaji anapotaja ukumbi. Kaseti ya C-60 ni dakika 30 kila upande. Wimbo ukikatika dakika ya 30, utepe ndio ulikwisha, bendi haikuacha kupiga.

5. Magazeti.

Tangazo la Uhuru au Mfanyakazi linathibitisha kwamba onyesho lilipangwa, basi. Tafuta na toleo la wiki inayofuata.

6. Anza na washonaji.

Kabla ya waimbaji, mtafute aliyeshona sare na kutunza masanduku. Huyo anajua kila aliyeingia na kila aliyetoka, maana alimpima. Mlipe nauli, mpelekee nakala ya kila ulichorekodi kwake, na jina lake liandike kamili kama ulivyoandika la mwimbaji.