Mizani Nane: Kwa Unayeanza Kuimba Nyimbo za Asili za Kifini

Wanaokuja kwenye kundi letu kwa mara ya kwanza huja na sauti zilezile masikioni: wanawake watatu au wanne, sauti kali, zimeshikana, zinakimbia pamoja kama watu wanaowahi mvua. Wamezisikia kwenye rekodi za Värttinä, kundi mashuhuri la Ufini, na wanataka kuzitoa siku hiyohiyo. Nami nilikuja hivyohivyo. Nilifika Joensuu, mashariki ya Ufini, kusomea misitu, na katika majira ya baridi ya kwanza nikajiandikisha darasa la jioni la nyimbo za asili kwenye kituo cha elimu ya watu wazima, kansalaisopisto kama wenyewe wanavyoviita vituo hivyo. Nilikuwa nimeimba kwaya tangu utoto wangu Tanga, sauti ya pili, nikaamini kazi naijua. Karibu mwaka mzima ulipita kabla sijaelewa kwamba nilianzia mwishoni. Katika nyimbo hizi kinachotangulia ni neno.

Shairi la kale la Kifini lina mizani nane kwa kila mstari. Wewe uliyelelewa na tenzi unajua uzito wa habari hiyo. Bibi yangu alikuwa akighani tenzi huku anachagua mchele, na mshororo wa utenzi nao una mizani nane. Mwalimu alipoandika ubaoni *Vaka vanha Väinämöinen*, yaani Väinämöinen mzee thabiti, shujaa wa mashairi haya, na kusema hapo pana nane, nilifurahi kama aliyekutana na jirani yake ugenini. Kisha nikahesabu kwa vidole nikapata kumi.

Aliyehesabu ni sikio la Kiswahili. Kwetu kila irabu inajitegemea: *kaa* ni mizani mbili, *ua* ni mizani mbili. Kwa Wafini irabu mbili za silabi moja, kama *ie*, *uo*, *äi* na *öi*, hubebwa kwa pumzi moja na kuhesabiwa moja. Nayo konsonanti ya mwisho wa neno haihesabiwi peke yake. Va-ka van-ha Väi-nä-möi-nen. Hizo nane. Kaa na mistari ishirini ya namna hii uigawe kwa kalamu kabla hujagusa sauti yoyote ya muziki. Kazi hii inachosha, na wengi huiruka, kisha wiki ya tano utawaona wanabaki nyuma ya wenzao kwa nusu pigo bila kujua sababu.

Vina vya mwisho usivitafute, havimo. Urembo wa shairi hili uko mwanzoni mwa maneno: *vaka, vanha, Väinämöinen*, sauti moja inagonga mara tatu. Na mstari unaofuata mara nyingi hurudia jambo lilelile kwa maneno mengine. Kalevala, utenzi mkuu wa Wafini, inafunguliwa hivi: *Mieleni minun tekevi, aivoni ajattelevi*. Moyo wangu unatamani, akili yangu yawaza. Mstari wa pili hauleti habari mpya, unaukaza ule wa kwanza, kama unavyorudia fundo ili kamba isifunguke. Ukilijua hilo, kukariri kunakuwa rahisi zaidi, kwa kuwa mstari mmoja unakuvutia mwenzake. Larin Paraske, mwimbaji wa Ingria, eneo lililo karibu na St. Petersburg, aliyezaliwa mwaka 1833 na kufariki mwaka 1904, hakujua kusoma wala kuandika, na mashairi yaliyoandikwa kutoka kinywani mwake yalizidi elfu moja. Alikuwa maskini maisha yake karibu yote. Ninapochoka kukariri mistari thelathini namkumbuka yeye.

Sasa mkazo, na hapa nakuomba uende polepole. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Kifini hukaza silabi ya kwanza, siku zote. Utajikuta unatamka väinäMÖInen bila kutaka, na mwanamke aliyesimama pembeni yako atakuangalia. Lakini uzuri wenyewe uko mahali ambapo pigo la wimbo na mkazo wa neno vinapishana. Rudi kwenye *Mieleni minun tekevi*. Pigo linaangukia mie, ni, nun, ke. Ukilisema neno *tekevi* kawaida unakaza *te*, ilhali wimbo unapiga *ke*. Usilivunje neno ili lifuate pigo, wala usilisogeze pigo ili lifuate neno. Acha yote mawili yasikike, neno likivutia huku na wimbo ukivutia kule. Mvutano huo ndio unaoufanya wimbo wenye noti tano tu usikuchoshe baada ya mistari mia. Mimi niliupata kwa kutembea: kila mstari hatua nne, mguu ukigusa chini kwenye pigo, mdomo ukisema maneno kama ninazungumza na mtu. Barabara ya kwenda chuoni ilinitosha kwa mazoezi.

Kisha kuna urefu wa irabu na konsonanti. *Tuli* ni moto. *Tuuli* ni upepo. *Tulli* ni forodha. Jioni moja nilikuwa ninaongoza mstari unaoomba upepo uisukume mashua, na mwalimu akasimamisha darasa zima akaniambia kwa upole kwamba nimeuitia moto ndani ya chombo cha watu. Katika nyimbo ambazo neno linaaminiwa kuwa na nguvu, kosa hilo si dogo. Tangu siku hiyo irabu ndefu naziimba kwa urefu wake hata wimbo ukienda mbio.

Muziki wenyewe huanzia kwenye noti tano: do, re, mi, fa, so. Ndizo noti za kantele ya zamani, yenye nyuzi tano, inayolazwa mapajani na kudonolewa kwa vidole. Ni ya ukoo mmoja na kanuni ya taarabu, ingawa ni ndogo zaidi. Nyimbo nyingi za kale zina mapigo matano: silabi sita za kwanza zinapita haraka na mbili za mwisho zinarefushwa maradufu. Hilo utalizoea katika wiki chache. Vikundi vya sasa huongeza mapigo mengine ya witiri, saba, hata kumi na moja, na hapo usihesabu namba kichwani. Shika maneno, yatakupeleka. Aliyeshika mizani nane hapotei.

Kuhusu sauti za pamoja lazima niwe wazi, maana hapa ndipo watu wa kwaya tunapojikwaa. Kwaya zetu zimetulea kwenye sauti nne zenye nafasi: wa kwanza akiimba so, wa pili anatafuta mi, sikio linatulia. Nilipopewa sauti ya chini katika kundi, nilijipangia mi kila mahali. Ilikuwa tamu, na wimbo ukafa. Kiongozi wetu akanipa re, huku mwenzangu kashika do, sentimita thelathini kutoka sikioni mwangu. Noti mbili jirani zikisimama pamoja hutoa mtetemo ambao unauhisi kwenye mfupa wa taya. Siku ya kwanza nilitaka kuukimbia, nikidhani nimekosea. Usikimbie. Simameni kwenye duara, karibu kiasi cha kusikia pumzi ya mwenzako, mshike noti hizo mbili bila neno lolote kwa dakika nzima, mpaka mtetemo uwe mahali pa kupumzikia. Na sauti isitikisike. Ile mikunjo tunayoipenda mwishoni mwa noti iweke kando, maana ukiitikisa noti mtetemo wa jirani unapotea. Toa sauti ya kifuani, iliyonyooka, kama unamwita mtu aliye ng'ambo ya ziwa. Mtaalamu mmoja wa sauti aliwahi kunionya kwamba sauti hiyo itaniharibu koo. Itakuharibu ukiikamua. Ukiiita huku shingo imelegea, unaweza kuimba saa mbili.

Ujue pia kwamba wingi huu wa sauti haukutoka kwenye kila wimbo wa kale. Nyimbo nyingi za mizani nane ziliimbwa kwa sauti moja: kiongozi anatoa mstari, wengine wanaudaka mwishoni na kuurudia. Sisi tunamjua mwimbishaji na waitikiaji, tofauti ni kwamba hapa waitikiaji hawana kiitikio chao, wanaurudisha mstari uleule aliowapa. Wanawake wa Kiseto, kusini mashariki mwa Estonia, ndio wenye namna inayoitwa leelo, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2009: kundi linashika sauti nene chini na mmoja peke yake anapanda juu yao. Vikundi vya Kifini vya sasa vimejifunza kwa majirani hao na kwa ndugu wengine wa lugha walioko Urusi. Värttinä ilianzishwa mwaka 1983 na ndugu wawili, Sari na Mari Kaasinen, katika kijiji cha Rääkkylä, si mbali na Joensuu. Jina lao ni kijiti cha kusokotea nyuzi. Mwaka huohuo wa 1983 idara ya muziki wa asili ilifunguliwa katika Akademia ya Sibelius huko Helsinki, na wengi waliofuata wamepitia humo. Ukisikiliza albamu ya Värttinä ya mwaka 1991, Oi Dai, kisha ile ya mwaka 2000, Ilmatar, utasikia njia waliyopita: mwanzoni wasichana wa kijijini wanaotaniana juu ya wachumba, baadaye giza la misitu na maneno ya uganga.

Ndipo tunafika kwenye visasili, na hapa ninasisitiza: usiimbe usichokijua. Ilmatar ni binti wa hewa aliyeshuka akaelea baharini miaka 700. Bata akataga mayai kwenye goti lake, sita ya dhahabu na la saba la chuma. Goti likapata moto, akatikisa mguu, mayai yakavunjika: nusu ya chini ikawa ardhi, nusu ya juu ikawa mbingu, kiini kikawa jua, ute ukawa mwezi. Ukijua hivyo, hutaimba mstari wa goti kama mstari wowote tu. Au chukua asili ya chuma. Katika uganga wa zamani, aliyekatwa na shoka hutibiwa kwa kuisimulia chuma mahali ilipozaliwa, kwa maana ukijua asili ya kitu unakitawala. Mabinti watatu walitembea mawinguni maziwa yakiwadondoka: meusi yakawa chuma laini, meupe yakawa chuma cha pua, mekundu yakawa chuma kinachovunjika upesi. Wanawake wanne wakiimba hayo kwa noti mbili jirani, unaelewa kwa nini mtetemo ule unahitajika.

Wakati huohuo usiichukulie Kalevala kama sauti ya zama za kale isiyoguswa. Elias Lönnrot alikuwa daktari, alizunguka vijijini akakusanya, akachagua, akaunga, akaongeza mistari yake kidogo, akatoa toleo la kwanza mwaka 1835 na lile refu mwaka 1849, lenye mistari 22,795. Mashairi yenyewe kama yalivyotoka kwa waimbaji, yakiwa na jina la kijiji na mara nyingi la mwimbaji, yamechapishwa katika majuzuu zaidi ya 30 yanayoitwa Suomen Kansan Vanhat Runot, na sasa yanasomwa bure mtandaoni. Zoea kuingia humo. Utakuta wimbo mmoja una sura kumi, na utapata uhuru wa kuchagua sura inayokukaa mdomoni. Na ukiwa huko kaskazini usiite nyimbo hizi za Wasami, wenyeji wa kaskazini kabisa. Wasami wana joiku, nyimbo zao za jadi, na lugha zao, na wamechoka kuchanganywa.

Kuna aina moja ambayo nakuomba uiache kwa muda: itkuvirsi, maombolezo ya Karelia, eneo la mpakani mwa Ufini na Urusi. Wanawake waliyaimba msibani na siku bibi harusi anapoondoka kwao, na ndani yake jamaa hawatajwi moja kwa moja. Mama haitwi mama, anaitwa kwa mzunguko, kama vile yule aliyenibeba. Nilijifunza moja kutoka kwenye rekodi, nikaiimba kwenye sherehe kwa sababu ilikuwa nzuri. Mzee mmoja, ambaye watu wake walihama kutoka upande uliobaki Urusi baada ya vita, alitoka nje. Sikujua nilichokigusa. Nilimfuata nikamwomba radhi, naye akanieleza ni lini mara ya mwisho aliyasikia maneno yale, na nani aliyekuwa jenezani. Maombolezo subiri ufundishwe na aliyeyarithi, na uambiwe wakati wake.

Wa kuanzia nao, kwa maoni yangu, uwe wimbo wa mama wa Lemminkäinen, mmoja wa mashujaa wa Kalevala. Mwanawe ameuawa na kutupwa kwenye mto wa Tuonela, nchi ya wafu. Mama anaona brashi aliyoiacha mwanawe inatoka damu, anamwendea mhunzi amfulie reki ya shaba, anasimama mtoni anakusanya mwili kipande kwa kipande, kisha anamtuma nyuki akalete dawa mbinguni. Maneno yake si magumu, noti hazizidi tano. Tunauimba kila tarehe 28 Februari, siku ya Kalevala. Penye mistari ya reki wote tunarudi kwenye noti moja, na mama mmoja wa kundi letu, mwenye sauti nene kuliko zote, anaachiwa abaki chini peke yake. Simama karibu naye siku yako ya kwanza. Wenzako wakinyamaza nyamaza nawe, umsikilize anavyopitisha reki, mpaka nyuki atakapoitwa.